Usitupe ile plagi ndogo ya Osborne 1

Juzi kijana mmoja alinipandishia Osborne 1, kompyuta ya zamani ya kubebeka, hadi karakana yangu hapa Kadutu. Mashine ina kilo 11 hivi, na milima ya Bukavu mnaijua. Akaitua, akafuta jasho: "Fundi, skrini imekufa."

Nikaiwasha. Giza tupu. Nikaingiza diski, nikabonyeza RETURN bila kuona kitu. Taa ya diski ikawaka, ikaanza kusoma. Basi nikajua mashine ni nzima.

Kompyuta hii ya mwaka 1981, aliyoibuni mhandisi Lee Felsenstein na mfanyabiashara Adam Osborne akaiuza kwa dola 1,795, ina skrini ya inchi 5 inayoonyesha herufi 52 tu kwa mstari. Ndiyo maana wengi waliichomekea skrini kubwa ya nje. Soketi yake iko upande wa mbele, na picha hupitia hapo: isipochomekwa skrini ya nje, lazima kuwe na plagi fupi inayorudisha picha kwenye skrini ya ndani. Ukiing'oa, ndani hapawaki. Mtu aliing'oa zamani, akaiweka kwenye droo, droo ikaenda zake. Mashine ngapi zimeuzwa kama chuma chakavu kwa ajili hiyo! Inaniuma sana.

Nilikata soketi ya kadi mbovu, nikaunganisha pini kwa nyaya na risasi ya kulehemu. Herufi zikatokea.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote ni skrini bapa ya Apple IIc, kompyuta ya mwaka 1984. Inaonyesha mistari 24 ya herufi 80, ila haina taa ya nyuma, kwa hiyo huisoma asubuhi dirishani, nikiigeuzageuza mpaka mwanga uikubali. Haikupendwa, ndiyo maana leo ni adimu. Adui yake ni joto na unyevu: utando wa juu ya kioo huoza, ukatoa harufu ya siki. Kwa mvua zetu, usiifunge kwenye nailoni. Iache ipumue mahali pakavu.

Na kabla ya kuwasha chochote kilichotoka Marekani, soma kibandiko. Kikisema volti 110, tafuta transfoma, maana umeme wetu ni 220.

Ile plagi niliyotengeneza nimeifunga kwa uzi kwenye mpini wa Osborne. Kijana amekataa kuiuza.