Paka wa Kiajemi: manyoya yale kayatoa wapi, na ile pua bapa je?

Kila akiletwa paka wa Kiajemi kwenye meza yangu ya matibabu lazima niulizwe, dokta, hivi huyu kweli asili yake Uajemi? Ni nusu ndiyo nusu hapana. Kwenye miaka ya 1620 hivi msafiri wa Kiitaliano, Pietro della Valle, alikuta huko Uajemi paka wa manyoya marefu wa jimbo la Khorasan, na yeye ndo anayetajwa sana kuwaleta Italia, wengine wakafika Ufaransa kutoka Angora, yaani Ankara ya leo, basi wakachanganywa na paka wa Ulaya vizazi na vizazi hadi ukipima jeni za paka Mwajemi wa siku hizi unakuta udugu wake mkubwa ni na paka wa Ulaya Magharibi. Jina tu ndo limebaki la kule.

Manyoya yenyewe ni kazi ya jeni moja, FGF5, ambayo kawaida inauambia unywele sasa basi, acha kukua. Mtoto akirithi nakala mbovu kwa mama na kwa baba, unywele unaendelea tu, ndo maana paka wawili wa manyoya mafupi wanaweza kuzaa mwenye manyoya marefu na mwenye nyumba akabaki anashangaa. Mchane kila siku, na usiishie mgongoni, mafundo yanaanzia kwapani na tumboni.

Sasa hiyo sura bapa. Paka Waajemi wa mwaka 1871 kwenye maonyesho ya paka ya ukumbi wa Crystal Palace, London, walikuwa na pua kama paka wengine, huu ubapa ni watu wamechagua wenyewe baadaye, na mimi naumia nikiuona maana njia ya machozi inapinda macho yanachuruzika, meno yanabanana, hewa inapita kwa shida. Ukichagua mtoto angalia pua, sehemu yake ya juu isipite kope ya chini ya jicho.

Alafu figo. Kuna ugonjwa wa vifuko vya maji kwenye figo ambao Waajemi wanao sana, mzazi mmoja mwenye nao anatosha kumpa kila mtoto uwezekano wa nusu kwa nusu, na dalili zinaweza kuchelewa miaka saba hivi, wakati huo ameshazaa wengine kibao. Kosa la jeni lilijulikana mwaka 2004 na kipimo ni kupangusa mate ndani ya shavu tu, kwahiyo kabla hujamchukua mtoto omba kwanza majibu ya wazazi wote wawili.