Kwa nini programu ya manenosiri hususa kivinjari kikishajisasisha?

Jumatatu asubuhi simu ya ofisini ililia kabla sijakaa vizuri. "Kaka, ile kitu yako imegoma tena. Ijumaa ilikuwa nzima, leo nikibonyeza haijazi chochote." Aliyepiga ni dada wa usanifu wa picha, na "ile kitu" ni kiendelezi cha programu ya kutunza manenosiri, kile kialama kidogo kinachokaa pembeni mwa sehemu ya anwani na kukujazia jina na nenosiri ukifungua tovuti. Kialama kilikuwepo, ila kimefifia rangi, na ukikibofya kinasema kimeshindwa kukihakiki kivinjari. Dada alikuwa ameshafika hatua ya kukifuta akiweke upya.

Nikamwambia asifute kitu. Akifunge kivinjari, kisha akifungue. Akaniambia ameshakifunga mara mbili. Nikapanda ngazi kwenda kujionea, nikamkuta anabonyeza kile kiduara chekundu cha kona ya dirisha. Anatumia Mac, na kwenye Mac kiduara hicho kinafunga dirisha tu, kivinjari chenyewe kinabaki macho. Nikabonyeza Command na Q kwa pamoja, nikakifungua upya, kialama kikarudisha rangi yake. Dakika haikuisha. Akaniuliza, "Kwani kilikuwa kimenuna nini?"

Ni swali zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu kweli kilikuwa kimesusa, na kwa haki.

Kile tunachokiona kama kitu kimoja mara nyingi ni vitu viwili. Kiendelezi kinaishi ndani ya kivinjari, lakini sanduku la siri, yaani hifadhi ya manenosiri yako, linaweza kuwa mikononi mwa programu nyingine iliyo nje yake, kwenye kompyuta yenyewe. Programu ya manenosiri iitwayo KeePassXC hufanya kazi hivyo, na mwenzake 1Password nayo huunganishwa hivyo ukiwa umeweka programu yake kuu. Kiendelezi kinakuwa mtumwa wa kupeleka maneno: kinaona umefungua ukurasa wa kuingilia, kinakwenda kubisha hodi kwa programu kuu, kinarudi na nenosiri. Viendelezi vingine, kama cha programu ya Bitwarden, vinaweza kubeba sanduku lao wenyewe, na kwa hiyo kasheshe ya Jumatatu ile huwapita mbali watumiaji wake.

Hodi yenyewe haipigwi kiholela. Kuna kijifaili cha maandishi kwenye kompyuta kinachotaja programu ya kuitwa na viendelezi vyenye ruhusa ya kuiita. Kila kiendelezi cha Chrome kina kitambulisho cha herufi 32, zote kati ya a na p. Ukijiuliza mbona hazifiki z: kitambulisho hicho ni namba ndefu inayoandikwa kwa mfumo wa tarakimu 16, na kila tarakimu imepewa herufi yake. Herufi ya 16 ni p.

Ukishapita hapo, upande wa pili nao una mlinzi wake. Baadhi ya programu za manenosiri hukagua saini ya kidijitali ya kivinjari kinachobisha, yaani alama ya siri ya kampuni iliyokitengeneza: hii ni Chrome iliyotiwa saini na Google kweli, au ni kitu kimejivika jina lake? Zisipokagua, programu yoyote chafu iliyoingia kwenye kompyuta yako inaweza kujifanya kivinjari na kuomba manenosiri yote kwa adabu kabisa, ikapewa.

Sasa rudi kwenye wikiendi ya yule dada. Septemba 2021 Chrome ilianza kutoa toleo jipya kubwa kila baada ya wiki 4, na katikati hapo hupachika virekebisho vidogo vya usalama. Haikuombi ruhusa. Kwenye Mac faili jipya huandikwa kwenye diski huku toleo la zamani likiendelea kukimbia kwenye kumbukumbu, likisubiri siku utakayolifunga. Dada hafungi. Ana vichupo, yaani kurasa alizoacha wazi, zaidi ya 40, na jioni hufunika tu mfuniko wa kompyuta akaenda zake. Jumatatu programu ya manenosiri inamtazama anayebisha, inatazama faili lililo kwenye diski, haviendani. Ni kama mlinzi wa getini ambaye usiku wamembadilishia picha kwenye daftari, na mfanyakazi mwenyewe alilala humo humo ofisini bila habari. Kwa macho ya mlinzi, hali hii haina tofauti na faili lililochezewa na mwizi, kwa hiyo anafunga geti. Anayezima kompyuta yake kila usiku anaweza kumaliza miaka bila kuliona tatizo hili, na ndiyo maana ukimweleza anakuona unazusha.

Upo ugomvi mwingine unaofanana na huo kwa sura, ila chanzo chake ni kiendelezi chenyewe kujisasisha. Ukurasa uliokuwa wazi tangu jana unabaki na kipande cha msimbo cha toleo la zamani, nacho kimekuwa yatima: kinaita, hakuna wa kuitika, kwa sababu toleo lililokizaa limeshaondolewa. Sehemu ya nenosiri inabaki tupu hata ubofye mara ngapi. Dawa ni kupakia ukurasa upya, basi. Lakini kama ulikuwa umejaza fomu ndefu, nakili kwanza ulichoandika, maana kikienda kimekwenda. Mimi nimewahi kupoteza nusu saa ya maombi ya leseni kwa haraka ya kidole kimoja.

Pengine kialama hakijafifia, kimetoweka kabisa. Hapo nenda kwenye orodha ya viendelezi. Toleo jipya likihitaji ruhusa ambazo la zamani halikuwa nazo, Chrome hukizima kiendelezi mpaka mwenyewe ukubali. Kiarifa hutokea kimoja tu, kwa unyenyekevu, na watu wengi hukipita kama wanavyopita tangazo.

Na kuna nyakati kosa halipo kwako hata chembe. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 4 Mei 2019, cheti cha kidijitali ambacho Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, hutumia kuthibitisha viendelezi vyake kiliisha muda wake. Hakuna aliyevamia, hakuna aliyebonyeza kitu. Tarehe tu ilifika. Firefox duniani kote zikaanza kuvizima viendelezi, vya kutunza manenosiri vikiwemo, moja baada ya nyingine kadiri zilivyofanya ukaguzi wake wa kawaida. Mozilla walisukuma kirekebisho cha dharura siku hiyohiyo, na kesho yake wakatoa Firefox 66.0.4. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa wameshavifuta viendelezi vyao kwa papara, kwa sababu kiendelezi kikifutwa kinaondoka na data yake iliyohifadhiwa humo. Waliosubiri walikuta kila kitu kimerudi mahali pake.

Kwa mafundi wa huku kwetu, kabla ya kulaumu programu ningeangalia saa. Kompyuta ya mezani ina betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, inayoishikia saa umeme ukiwa umezimwa. Betri hiyo ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inaamka ikiamini ni miaka mingi iliyopita. Hapo vituko huja kwa pamoja. Kivinjari kinaona vyeti vya tovuti, vinavyothibitisha kwamba tovuti ni ya kweli, havijaanza hata kutumika, kwa hiyo kinakataa kuunganisha, programu ya manenosiri haipati mabadiliko kutoka kwenye seva, masasisho hayashuki. Zile tarakimu 6 za uthibitisho zinazobadilika kila baada ya sekunde 30 nazo zinakataliwa kila mara, kwani zinakokotolewa kutokana na saa. Mtu anabadilisha nenosiri mara tatu, anabadilisha kivinjari, anaapa ameingiliwa, kumbe dawa ni kibetri cha bei ya soda.

Kuna kimya kimoja ambacho usikitafutie dawa. Kiendelezi hujaza nenosiri pale tu anwani ya tovuti inapolingana na ile uliyoihifadhi. Kwa anwani zetu kazi hii ina ugumu wake. Kompyuta isiyojua mambo ikiangalia vipande viwili vya mwisho, itaona kila kampuni ya Tanzania ni nyumba ya co.tz na kila kampuni ya Kenya ni ya co.ke, halafu impe huyu siri za yule. Ipo orodha ya umma, iliyoanzishwa na Mozilla, inayotaja miisho yote ya namna hiyo: co.tz, go.tz, ac.ke, or.ke na mingine maelfu ya nchi mbalimbali. Kwa kutumia orodha hiyo, programu inajua kwamba jina la mwenye nyumba ni lile linalotangulia mwisho huo. Kwa hiyo ukifungua ukurasa wa benki yako kutoka kwenye kiungo ulichotumiwa, halafu kiendelezi kikakaa kimya wakati jana kilijaza vizuri, usikimbilie kunakili nenosiri kwa mkono. Soma anwani herufi kwa herufi. Inawezekana kimeona kitu ambacho wewe hukukiona.

Wapo wanaoamua kuzima masasisho ili wapumzike na haya yote. Siwashauri. Mwaka 2019 Tavis Ormandy, mtafiti wa Project Zero, kikosi cha Google cha kusaka kasoro za usalama, alionyesha kwamba tovuti yenye hila ingeweza kukifanya kiendelezi cha LastPass, programu nyingine ya manenosiri, kitoe nenosiri la mwisho lililotumika. Kasoro ilizibwa, lakini aliyebaki na toleo la zamani alibaki na tundu lake. Kiendelezi kinasoma karibu kila ukurasa unaoufungua. Hicho si kitu cha kukiacha kizeeke.

Kwa hiyo likikukuta, funga kivinjari kwelikweli, si dirisha lake, kisha ukifungue. Kisipokubali, sasisha na programu kuu pia, kwa sababu mara nyingine kiendelezi kimeshasonga mbele huku mwenzake wa kwenye kompyuta akibaki nyuma matoleo kadhaa, hawaelewani lugha. Jaribu kuzima antivairasi kwa dakika moja tu, uone kama ndiyo inayokatiza mazungumzo yao, kisha uiwashe. Kufuta na kuweka upya kuwe mwisho kabisa, na kabla ya hapo ingia kwenye akaunti yako kupitia simu, uone kwa macho kwamba manenosiri yapo na nenosiri kuu, lile linalofungua sanduku zima, unalikumbuka. Kampuni nyingi za aina hii hazilijui nenosiri kuu lako na haziwezi kukurudishia. Ukilisahau, huna wa kumpigia simu.

Yule dada sasa hubonyeza Command na Q kila Ijumaa jioni. Alichokuwa akikiogopa ni kupoteza vile vichupo vyake 40, basi tukakiwekea kivinjari mpangilio wa kuendelea pale kilipoishia. Jumatatu vyote vinarudi, hata kile cha mapishi ya pilau kilichokuwepo tangu Ramadhani.