Unateremka Mombasa? Maswali ya afya ambayo wageni kutoka bara hutuuliza

Likizo za shule zikikaribia maswali huwa ni yaleyale, mtu yuko Nyeri ama Eldoret tiketi ya treni ya SGR ashakata, nguo za kuogelea zimeingia kwa begi, pawabenki imeingia, lakini mambo ya mwili hajayafikiria mpaka afike. Nimeanza na homa kwa sababu ndio inayoua. Ukikosa muda wa kusoma yote soma hiyo tu.

Mimi ni Mkenya, nimezaliwa Nairobi. Dawa ya kuzuia malaria si ni ya watalii wazungu?

Hapana, na hii fikra imeponza watu wengi. Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na ile baridi yake inafanya vijidudu vya malaria visikomae vizuri ndani ya mbu. Kwa hivyo ukikulia huko mwili wako haujawahi kupambana na malaria, kinga yako ni sawa na ya huyo mzungu, pasipoti haimzuii mbu. Na hata kama wewe ni wa Kisumu lakini umekaa Nairobi miaka mingi, ile kinga ya utotoni inapungua.

Mombasa mjini malaria si kali kama zile sehemu za mashambani Kwale na Kilifi, lakini ipo, na wageni wengi hawakai mjini tu, leo wako Nyali kesho Diani keshokutwa kwa shangazi huko Kaloleni. Ongea na daktari kabla ya safari. Kuna dawa za kuzuia malaria kama Malarone, hii unaanza siku 1 ama 2 kabla ya kusafiri, unameza kila siku, ukirudi unaendelea siku 7. Nyingine ni doksisaiklini, inaanzwa hivyohivyo ila ukirudi unaendelea wiki 4 nzima, na hii haipewi mama mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8, tena inafanya ngozi iungue na jua haraka, jambo la kujua kama safari yenyewe ni ya bichi. Wengi huacha dawa siku wanayofika nyumbani kwa sababu safari imeisha, lakini vile vijidudu bado vinaweza kuwa mwilini.

Kama uko na mimba mwambie nesi wa kliniki yako kwamba unakuja Pwani, usinunue kitu mwenyewe.

Nitalala kwa neti. Si inatosha?

Kwa malaria neti ni nusu ya kazi, maana mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi mpaka alfajiri na magharibi hujalala, uko baraza unapunga upepo ama umekaa bustani ya Mama Ngina unakula mihogo. Vaa kitu cha kufunika miguu, jipake dawa ya kufukuza mbu. Feni pia inasaidia, mbu hapendi upepo.

Sasa kuna yule mbu mwingine, mweusi ana madoa meupe miguuni, huyu anauma mchana kweupe, asubuhi na jioni ndio amechangamka zaidi. Ndiye anayeleta homa za dengi na chikungunya. Mombasa imewahi kupata mlipuko wa dengi mwaka 2013, na chikungunya mwishoni mwa 2017 ikaingia 2018, watu mtaani wakawa wanatembea wamejikunja kwa maumivu ya viungo. Sababu moja kubwa ni maji: huku maji ya mfereji yanakuja yakipotea, kila nyumba ina pipa na ndoo za akiba, na huyu mbu anapenda kutaga kwenye maji yaliyotulia kama hayo. Kwa hivyo ukikodi nyumba ya likizo zunguka siku ya kwanza, funika mapipa, mwaga maji yaliyokaa kwenye visahani vya maua na matairi ya zamani. Na ujipake dawa hata mchana, sio usiku peke yake.

Nimerudi bara wiki mbili zilizopita, nina homa na kichwa. Ni flu ama uchovu tu?

Nenda ukapimwe leo, tafadhali usingoje kesho. Malaria haitokei siku ileile ya kuumwa, huchukua angalau siku 7, mara nyingi inajitokeza ndani ya mwezi mmoja na saa zingine hata baada ya miezi mitatu, wakati huo hata umesahau kwamba ulikuwa Pwani. Na shida yenyewe ni hapo, daktari wa huko juu malaria haoni kila siku, akisikia homa na kikohozi kidogo anawaza kifua. Kwa hivyo ukiingia tu mlangoni sema, "nilikuwa Mombasa tarehe fulani, naomba kipimo cha malaria." Sentensi hiyo inaweza kuokoa maisha. Kwa mtu asiye na kinga malaria inaweza kubadilika kuwa kali ndani ya siku moja au mbili. Ukiona mgonjwa anachanganyikiwa, anapata degedege, macho ya manjano, mkojo mweusi, hawezi kunywa ama kusimama, hiyo ni dharura hata kama ni saa nane usiku.

Usinunue dawa ya malaria chemisti kwa kukisia. Kama kipimo kinaonyesha unayo utapewa AL, vidonge vya kutibu malaria, dozi 6 kwa siku 3, umeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ama maziwa ndio iingie vizuri mwilini, na umalize hata kama umepata nafuu siku ya pili. Kama kipimo hakionyeshi malaria na homa bado ipo, rudi urudie kipimo, na uulize kuhusu dengi. Mpaka ijulikane ni nini, kwa maumivu tumia parasetamoli peke yake, achana na Brufen, diklofenaki na aspirini, kwa sababu kama ni dengi hizo zinaweza kuzidisha kuvuja damu. Na dengi ina ujanja wake, homa inashuka unadhani umepona kumbe ndio siku za hatari zinaanza: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, ufizi kutoa damu. Hapo ni hospitali, sio kulala.

Vyakula vya mtaani nile ama niache?

Kula, jamani, utakosaje viazi karai na mahamri kwa mbaazi! Kitu kinachotoka kwa mafuta yanayochemka mbele yako hakina neno. Cha kuangalia ni vile vya baridi, kachumbari iliyokaa juani, chatne, jusi yenye barafu ambayo hujui maji yake yalitoka wapi. Dafu likikatwa mbele yako ni salama. Maji ya kunywa, chemsha ama nunua chupa iliyofungwa, maji ya visima na ya mkokoteni usiyaamini, kipindupindu huku kimeshatokea mara nyingi. Tumbo likiharibika anzia ORS, yaani maji ya chumvi na sukari, ukikosa tengeneza: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari visivyojaa kilima, nusu kijiko cha chumvi.

Mtoto wangu wa miezi minne ametoka vipele shingoni tangu tufike.

Hiyo huenda ni harara. Hewa ya huku ina unyevu, jasho halikauki, linaziba vitundu vya ngozi. Muogeshe maji ya vuguvugu, mvalishe nguo nyepesi ya pamba, mlaze kwenye upepo, na usimpake mafuta mazito maana unazidi kuziba. Maji ya kunywa usimpe, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Ila vipele vikiwa na usaha ama mtoto ana homa, mpeleke.

Baba ana sukari na presha, anakuja na insulini.

Asiiache ndani ya gari hata dakika chache. Ile anayotumia huvumilia mpaka nyuzi 30, na Machi Mombasa hupita hapo, kwa hivyo ikae kwenye friji, sio kwenye friza ya barafu, ikiganda imeharibika. Dawa za presha, hasa za kukojoza, pamoja na hili joto zinaweza kumpa kizunguzungu, aulize daktari wake kabla ya kuja.

Baharini niogope nini?

Kwanza kuzama, kuliko kitu kingine chochote. Uliza wenyeji maji yanajaa saa ngapi, watu hutembea mbali maji yakiwa yamekupwa halafu yanarudi nyuma yao. Boya la tairi sio la mtu asiyejua kuogelea. Kwenye mwamba vaa viatu, kuna viumbe wenye miba mirefu myeusi, na kuna samaki anayefanana na jiwe kabisa, sumu yake inauma vibaya. Ukidungwa na samaki huyo tumbukiza mguu kwenye maji moto unayoweza kuvumilia, apime joto mtu mwingine kwa mkono wake usije ukaungua, ukae nayo nusu saa hadi saa moja na nusu huku mnapanga kwenda hospitali. Muulize daktari pia kuhusu sindano ya pepopunda.