Ushuru sifuri, lakini sanduku bado linafunguliwa

Mkulima anayetaka kuanza kuuza maua Ulaya huniuliza kwanza: "Huu mkataba wa EPA umetuletea nini?" EPA ni mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya. Jibu langu huwakata wengi maini. Kwa upande wa ushuru, karibu hakuna jipya. Waridi la Naivasha lilikuwa likiingia Ulaya bila ushuru kabla Kenya haijatia saini Desemba 2023, na linaingia vivyo hivyo tangu mkataba uanze kazi Julai 1, 2024.

Mbona basi tuliuhangaikia? Kwa sababu tulishaonjeshwa maisha bila huo. Oktoba 1, 2014 makataa ya Ulaya ya kukubaliana juu ya mkataba yalipita Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa bado inavutana, na hadi Krismasi maua yetu yakawa yanatozwa ushuru. Oktoba hiyo ulikuwa asilimia 8.5. Mimi ni wakala wa forodha, na wateja wangu wanaishi kwa faida ya senti chache kwa kila shina. Mmoja aliishika ankara akawa anaigeuza mbele na nyuma, kana kwamba tarakimu zingemhurumia. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuguswa, kwani zimo kwenye orodha ya nchi maskini zaidi na mlango wao uko wazi, mkataba uwepo usiwepo. Kenya haimo. Ndiyo maana mwishowe tulitia saini peke yetu, na kwa malipo tutawafungulia Wazungu soko letu hatua kwa hatua kwa miaka 25. Wenye viwanda wana haki ya kunung'unika hapo.

Halafu kuna mdudu. Mkataba haumgusi kiwavi wa nondo anayejificha ndani ya tumba la waridi, na Ulaya ilikaza masharti juu yake Aprili 2025. Pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kwenye ghala la baridi, mkaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, huchagua masanduku, akachana tumba petali kwa petali. Akimwona kiwavi mmoja, shehena haipati cheti cha afya ya mimea, na bila cheti hicho ushuru sifuri hauna wa kumfaa.

Yule aliyeniuliza wiki jana nimemwambia aanze na neti na mitego ya nondo. Hati za asili ya bidhaa, zinazothibitisha kuwa maua ni ya Kenya, nitamshughulikia mimi.