Urasimu na ukiritimba si pacha

Kijana ninayemfundisha tafsiri aliniletea sentensi hii: "Wafanyabiashara wamechoshwa na utepe mwekundu." Nilicheka, kisha nikamhurumia. Utepe huo ni "red tape" ya Waingereza, waliokuwa wakifungia nyaraka za serikali kwa utepe wa rangi hiyo. Sisi tuna urasimu.

Neno hili ni ndugu wa rasmi na rasimu, ukoo wa Kiarabu ambako rasm ni mchoro, na rusum ni ada au ushuru. Nikiwa kwenye foleni ya kulipia fomu, hukumbuka hilo nikajichekea.

Wasomi wa utawala, wakimfuata mwanasosholojia Mjerumani Max Weber, hulitumia bila lawama: ngazi za madaraka, kanuni zilizoandikwa, kumbukumbu zinazotunzwa. Mtaani lawama ndiyo maana yenyewe. Viongozi wetu nao hupenda kusema "urasimu usio wa lazima", yaani wanakiri kwamba upo ulio wa lazima. Mweleze hivyo mama lishe anayesaka kibali uone atakavyokutazama.

Linaloniumiza kichwa ni ukiritimba. Kamusi zinasema ni kuhodhi biashara au huduma bila mshindani, lakini Tanzania watu hulitumia wakimaanisha kuzungushwa ofisini. Zamani nilikuwa nalikata kwa kalamu. Siku hizi nauliza kwanza: wamezungushwa na nini?

Juzi nilifuata barua ya utambulisho. Masharti yalikuwa mawili tu, nimeyatimiza yote. Mhuri umefungiwa kabatini, mwenye ufunguo "katoka kidogo", njoo kesho. Kesho yake, vilevile. Pale hapakuwa na wingi wa kanuni, palikuwa na mtu mmoja aliyeuhodhi mhuri. Ukiritimba wa kikamusi kabisa!

Urasimu hauhitaji mtu mbaya. Mwenye kiwanda cha chakula anaweza kukaguliwa na mamlaka kadhaa, kila moja na cheti chake na ada yake, na maofisa wote wakawa wachapakazi. MKUMBI, mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara ulioanza kutekelezwa Julai 2019, ulilenga hasa majukumu na tozo zinazogongana namna hiyo. Mwaka huohuo udhibiti wa chakula na vipodozi ulitoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ukaenda TBS, shirika la viwango. TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, jina likawa TMDA. Hakuna ofisa mvivu aliyehitaji kufukuzwa ili hilo lifanyike, ilirekebishwa sheria.

Halafu, jamani, msiandike "urasimi". Huo ni mkondo wa wahakiki wa fasihi, wala hauna mhuri.