RAV4 siyo lazima iwe fowili: soma kibati, halafu lala chini

Masika yakikaribia, madalali wa magari wa Arusha na Moshi wana jibu moja: "RAV4 zote ni fowili, ile 4 unadhani ni ya nini?" Naomba tuliache hili sasa, maana watu wanapoteza pesa. Ni kweli hiyo 4 kwenye jina ni ya magurudumu manne yanayovuta, yaani fowili. Lakini Toyota wametengeneza pia RAV4 zinazovuta mbele tu, na kwa nje huwezi kuzitofautisha: bodi ni ile ile, kimo kile kile. Utajua Mei, ukiwa kwenye mlima wa Kibosho, matairi ya mbele yanachimba tope na ya nyuma yametulia tuli.

Fungua boneti. Kwenye ukuta kati ya injini na dashbodi kuna kibati. Magari mengine kipo kwenye nguzo ya mlango. Tafuta palipoandikwa MODEL. Herufi za mwanzo kama DBA au CBA zinahusu viwango vya moshi wa injini, ziruke. RAV4 ya ACA31W imetoka kiwandani ikivuta kote. ACA36W inavuta mbele tu, na injini ni ile ile ya lita 2.4. Kwa toleo lililotangulia, ACA21W ni fowili, ZCA26W ya 1.8 siyo.

Sasa kuna wanaojitungia kanuni kwamba namba kubwa ndiyo fowili. Hapana! Harrier ACU30W inavuta mbele, ACU35W inavuta kote, na MCU36W ya V6 nayo inavuta kote. Yaani 36 ya Harrier ni fowili, 36 ya RAV4 siyo, na kampuni ni moja. Usikariri kanuni, tafuta namba ya modeli ya gari lenyewe. Nissan ni rahisi zaidi: X-Trail yenye N mbele ya T, yaani NT30 au NT31, ni fowili. T30 au T31 tupu ni ya mbele.

Kibati kinakwambia gari lilivyozaliwa, hakikwambii lilivyo leo. Krosi (kiungo) ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ikianza kugonga, au beringi ya katikati ikilia, mwenye gari anashauriwa aitoe propela tu, eti na mafuta yatapungua. ACA31W itaendelea kutembea vizuri kabisa bila propela. ACA21W nayo itatembea, ila ile viscous ya katikati, kiungo chenye mafuta mazito, ndiyo itakayobeba mzigo wote mpaka iungue. Kwa hiyo lala chini na tochi. Unatakiwa uone propela inayotoka mbele hadi kwenye difu ya nyuma, yaani boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, na shafti mbili zinazokwenda kwenye magurudumu. Angalia bolti za pale propela inapofungwa kwenye difu: kama gari zima lina vumbi na vichwa vya bolti vinang'aa, uliza ilitolewa lini na kwa nini. Harrier ya haibridi, MHU38W, ndiyo pekee katika hizi nilizotaja ambayo haina propela na bado ni fowili, kwa sababu nyuma ina mota yake ya umeme.

Sasa kitufe cha LOCK, kinachonichosha kuliko vyote. LOCK ya RAV4 au X-Trail siyo kufuli ya difu. Katikati ya mbele na nyuma kuna kapulingi, kiungo kinachoshika na kuachia. Kawaida gari linavuta mbele, na mbele ikiteleza ndipo kapulingi inapeleka nguvu nyuma. LOCK inailazimisha ishike muda wote ukiwa mwendo mdogo. ACA31W ikipita kilometa 40 kwa saa, inajiachia yenyewe. Difu za mbele na nyuma zinabaki wazi, yaani nguvu inakimbilia tairi lisilo na mzigo. Tairi moja la mbele likining'inia na moja la nyuma nalo likining'inia, umekwama, hata ubonyeze LOCK mpaka kesho. Basi usiilinganishe na Land Cruiser za watalii zenye gia ya chini, ile ya mwendo wa pole na nguvu nyingi. Ukitaka gia ya chini kwenye gari dogo, tazama Suzuki Escudo TD54W. Swichi yake ina 4L, kitu ambacho RAV4 haina.

Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukifunga breki, ikiwaka usikubali kuambiwa "hiyo ni ya breki tu". Kapulingi inategemea sensa zile zile za magurudumu, na mara nyingi ABS ikilala, fowili nayo inalala.

Matairi yote manne yawe saizi moja na yamelika sawasawa. ACA31W nyingi zinavaa 225/65R17. Ukifunga mawili mapya mbele na kuacha vipara nyuma, kapulingi inadhani gari linateleza kila siku, hata kwenye lami ya Moshono.

Kupima: tafuta changarawe au vumbi jepesi, siyo lami kavu. Washa LOCK, kata usukani mpaka mwisho, tembea taratibu. Gari linapaswa kujibana, kama linavutwa shati. Zima LOCK, liwe jepesi. Kisha mwenzako asimame pembeni, siyo nyuma, atazame kama tairi za nyuma zinasukuma unapoondoka kwa nguvu mlimani.

Hata hivyo kipimo cha dakika mbili hakiniridhishi. Kapulingi iliyochoka inaweza kushika vizuri ikiwa baridi, ikaachia ikipata moto. Ndiyo maana napendelea mtu aombe dakika kumi za kupanda njia mbovu mfululizo, kisha arudie kipimo cha LOCK pale pale juu, kabla gari halijapoa. Muuzaji akikataa, mlipe bei ya ACA36W.