Je, wajua kwa nini chai ya rangi huingia ukungu ikilala kwenye friji?

Chuja chai ya rangi vizuri, itie kwenye jagi la kioo, iache ipoe, kisha iweke kwenye friji jioni. Wakati unaiweka ni nyekundu safi. Ukishika jagi unaviona vidole vyako upande wa pili. Asubuhi unakuta kitu kingine kabisa: kahawia iliyopauka, nzito machoni, kama maji ya mtaro baada ya mvua. Vidole havionekani tena. Hakuna aliyeigusa. Sasa ni nini kimeingia humo?

Hakuna kilichoingia. Lakini mimi nilichukua muda mrefu kulikubali jibu hilo, na njiani nilimwaga chai nyingi nzuri.

Hapa Kigoma, miezi ya Septemba na Oktoba kabla mvua hazijashika, joto la mchana halimwachii mtu hamu ya kikombe cha moto. Nikaanza kutengeneza chai ya baridi yenye pasheni. Jagi la kwanza lilipotoka na ukungu, mama mwenye nyumba alilitazama mara moja tu. “Mwanangu, hiyo imechacha. Mwaga, utaumwa tumbo.” Nikamwaga. Jagi la pili nikalaumu pasheni, kwamba uchachu wake umeikata chai kama ndimu inavyokata maziwa. Nikatengeneza bila tunda lolote. Ukungu ukaja vilevile. Nikahamia kwenye maji. Maji ya bomba ya hapa mjini hutoka ziwani, na kila mtu ana neno la kusema kuhusu maji ya ziwa. Nikanunua maji ya chupa. Ukungu ukaja.

Kila moja ya dhana hizo ina kaukweli ndani yake, ndiyo maana zinadumu. Chai yenye sukari na tunda huchacha kweli, lakini dalili zake ni nyingine: harufu ya siki au ya pombe, mapovu, utelezi. Maji yenye chokaa nyingi huzidisha ukungu. Na maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali, yaani kinyume cha uchachu (pH, kipimo chake, inakaribia 9), jambo linaloifanya chai iwe nyeusi zaidi kuliko ingekuwa kwenye maji mengine. Hiyo ni rangi, siyo ukungu. Kamulia ndimu kwenye glasi ya chai hiyo uone: weusi unarudi nyuma palepale, inabaki rangi ya asali.

Kilichonitoa gizani ni sufuria. Siku moja badala ya kumwaga nilipasha moto kikombe kimoja cha chai ile “mbovu”. Kabla hata haijachemka, ukungu ulianza kutoweka kuanzia pembeni kuelekea katikati, mpaka nikaona mkwaruzo ulio chini ya sufuria. Kitu kilichochacha hakirudi kuwa kizuri kwa kupashwa moto. Hiki kilirudi.

Mtu wa Kigoma ana mfano wa jambo hili jikoni kwake. Chupa ya mawese mchana ni nyekundu na inamiminika. Asubuhi ya baridi unaikuta imeshikana, ina mawingu, chini kumetuama uji mzito wa rangi ya machungwa. Hakuna anayeitupa. Anaianika juani kidogo, inafunguka. Hakuna kilichoongezwa wala kilichoharibika. Joto limepungua, basi.

Ila mfano huo unafika mahali unaishia, kwa sababu mawese huganda yenyewe, na kwenye chai lazima wakutane wawili. Wa kwanza ni kafeini, ile inayomwondolea mtu usingizi. Wa pili ni rangi yenyewe. Jani bichi la chai ni la kijani. Likinyaushwa na kusagwa kiwandani, kule Mufindi au Rungwe, utomvu wake hukutana na hewa na kuzaa vitu viwili vinavyoitwa theaflavini na thearubijini. Hivyo ndivyo vinavyoipa chai wekundu wake na ule ukakasi unaobana ulimi.

Fikiria mwalo wa Kibirizi mashua inaposhusha abiria. Watu wanasukumana, mizigo iko vichwani. Hata ukikutana na ndugu yako hamuwezi kusimama, mnapigwa kikumbo kila mmoja anaenda zake. Hiyo ndiyo chai ya moto: kafeini na rangi vinagusana, joto linavitenganisha. Sasa msongamano umetulia. Wale wawili wanashikana mikono. Anapita mwingine wanayemjua, naye anasimama. Baada ya muda ni kundi, na kundi kubwa halipiti tena kirahisi. Chai ikipoa, kafeini na rangi hushikana hivyo hivyo, vishada vinakua hadi vinaweza kutawanya mwanga, na jicho linaona ukungu. Vikikaa zaidi, vinatuama chini. Ukipasha moto, mikono inaachiana.

Wataalamu wa chai wanakiita kitu hiki krimu ya chai, ingawa hakina tone la maziwa. Na hapa ndipo ninapopapenda zaidi: waonjaji wa chai huichukulia krimu hiyo kama dalili ya chai yenye nguvu. Yaani jagi nililokuwa namwaga lilikuwa linatangaza ubora wa majani yangu.

Chai ya barafu yenyewe si ya jana. Wengi husimulia kwamba ilizaliwa kwenye maonyesho ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904, lakini maelekezo yake yalishachapishwa mwaka 1879 kwenye kitabu cha mapishi ya Virginia. Maonyesho yaliipa umaarufu tu.

Kama unataka iwe angavu, punguza wanaokutana. Sisi tumezoea kuchemsha majani pamoja na maji mpaka sufuria inakuwa nyeusi, na hiyo huvuta kafeini na rangi nyingi mno kwa chai itakayolala kwenye baridi. Chemsha maji lita moja, epua, tia vijiko vitatu vidogo vya majani, funika dakika nne, chuja. Sukari koroga wakati huo huo wa moto.

Njia nzuri zaidi haina moto kabisa. Chukua maji yaliyochemshwa na kupozwa, tia majani, weka kwenye friji usiku kucha, asubuhi chuja. Maji baridi huvuta kafeini na rangi kidogo tu, kwa hiyo hakuna umati wa kushikana, na ukakasi ni mdogo.

Tunda lije mwisho. Pasheni kamua, chuja mbegu, mimina. Embe, hata lile tamu la Ujiji, lina nyama laini inayoelea, na ukungu wake hauondoki kwa moto wala kwa ndimu. Huo ni wa embe, uache. Mama mwenye nyumba huusubiri uzame, halafu anaukoroga kwa kijiko kirefu kabla ya kunywa.